Ukoo wa Jane Williams na Kamusi ya Kimaori

Kamusi ya Kimaori inayoaminiwa kuliko zote hutajwa kwa jina la ukoo. Wasomi wa lugha za Polinesia husema "Williams" kama wasomi wa Kiswahili walivyozoea kusema "Krapf" au "Johnson", na anayelitamka jina hilo haulizwi ni Williams yupi. Lau angeulizwa, jibu lingemtatiza. Toleo la kwanza, la mwaka 1844, ni la William Williams. La tatu, la mwaka 1871, ni la mwanawe, William Leonard. La tano, la mwaka 1917, ni la mjukuu, Herbert William. Wote watatu walikuwa makasisi wa Kanisa la Uingereza, na kila mmoja kwa wakati wake alikuwa askofu wa jimbo lile lile la Waiapu, katika pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand.

Katika safu hiyo limeachwa jina moja. Jane Nelson, aliyeolewa na wa kwanza, akamzaa wa pili, na kuwa bibi wa wa tatu, alizaliwa mwaka 1801 akafariki mwaka 1896. Wanahistoria wa kanisa walimtaja kwa heshima na kwa ufupi, kama ilivyokuwa desturi yao kuwataja wake wa makasisi: alikuwa msaidizi mwema wa mumewe. Kwa mtu anayechunguza jinsi kamusi zinavyotungwa, maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Kamusi ya Kimaori ilizaliwa katika nyumba yake, ikatunzwa na watoto aliowazaa, na lugha iliyomo ndiyo lugha iliyozungumzwa jikoni na darasani mwake kwa miaka mingi kabla haijapigwa chapa. Hali kadhalika ukoo huo uliandika, uliponunua na uliopigania mengine mazito zaidi ya kamusi, hata baadhi yake bado yanajadiliwa mbele ya mabaraza ya sheria.

Jane alikuwa binti wa James Nelson na Anna Maria Dale. Alikulia Newark, katika wilaya ya Nottingham, na angali kijana alifundisha katika shule ya wasichana iliyokuwa Southwell, ambayo mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Mary Williams. Mama huyo alikuwa na wana wawili wanaohusika na habari hizi. Mkubwa, Henry, alikuwa afisa katika jeshi la wanamaji, na baada ya vita vya Napoleon aliacha bahari akawa mmisionari. Mdogo, William, alijifunza kwanza uganga wa kizungu, kisha akasoma Oxford na kupewa daraja la ukasisi. Henry na mkewe Marianne, aliyezaliwa Coldham, walifika New Zealand mwaka 1823. William na Jane walifunga ndoa mwezi wa Julai 1825, wakasafiri mwaka huo huo, wakafika Paihia katika Ghuba ya Visiwa mwezi wa Machi 1826. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa wiki chache tu baada ya kutua. Mwenye kujua safari za merikebu za siku hizo hahitaji kuelezwa zaidi jinsi miezi ile ya baharini ilivyokuwa kwa Jane.

Chama kilichowapeleka kilikuwa Church Missionary Society, ambacho watu wa Mombasa, Rabai na Freretown walikuja kukijua kwa herufi zake CMS. Huo ndio uhusiano wa kwanza kati ya habari hizi na Afrika ya Mashariki, na si uhusiano wa jina tu. Mwaka 1844, wakati mtambo wa CMS wa Paihia ulipokuwa ukichapa kamusi ya William Williams, Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa chama hicho hicho, alifika Mombasa, naye akaanza mara moja kukusanya maneno ya Kiswahili. Mkewe Rosine alizikwa upande wa bara wa Mombasa mwezi wa Julai mwaka huo, pamoja na mtoto wake mchanga, muda mfupi baada ya kuwasili. Jane Williams alizaa watoto tisa na kuishi miaka 95. Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa neno moja, nalo ni malaria, ambayo haikuwapo New Zealand. Nayo ndiyo iliyoamua namna kamusi za lugha hizo mbili zilivyoendelea. Krapf hakuacha nyumba Mombasa. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kazi ikarithiwa na watu wasiokuwa jamaa zake, akina Steere na Madan, hata ikafika mikononi mwa kamati iliyotoa kamusi ya Johnson mwaka 1939. Kimaori kilirithiwa kwa damu.

Yafaa kutazama kwa makini maisha ya Paihia, kwa sababu huko ndiko elimu yenyewe ilikoanzia. Ndugu wawili waliishi jirani, na wake zao wakawa kama mtu na dada yake. Marianne alikuwa amejifunza ukunga kabla ya kuondoka Uingereza. Alizaa watoto 11. Watoto wa nyumba hizo mbili, pamoja na wa wamisionari wengine, walikuwa wengi kiasi cha kuhitaji shule zao wenyewe, na ya wasichana wa Kizungu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Jane. Vilevile kulikuwa na shule ya wasichana na wanawake wa Kimaori, ambao wengi wao waliishi na kufanya kazi katika nyumba hizo hizo. Wanaume walikuwa wakisafiri wiki nyingi, kwa miguu na kwa mashua. Waliobaki nyumbani, wakiamrisha, wakisikiliza, wakikosea na kucheka siku nzima kwa Kimaori, walikuwa wanawake na watoto.

Lugha hiyo ilikuwa imekwisha pata hati. Mwaka 1820 Thomas Kendall alifuatana na machifu wawili wa Kimaori, Hongi Hika na Waikato, hadi Cambridge, na huko Profesa Samuel Lee akatayarisha sarufi na msamiati kwa msaada wao. William Williams aliingia katika kazi ya kutafsiri punde alipofika, akatambuliwa haraka kuwa mwanalugha bora wa misheni. Agano Jipya kwa Kimaori, lililokuwa kwa sehemu kubwa tafsiri yake, lilikamilika kuchapwa Paihia mwezi wa Desemba 1837, nakala 5,000. Mpiga chapa alikuwa William Colenso, binamu wa yule Askofu Colenso wa Natal ambaye baadaye alitunga kamusi ya Kizulu. Dunia ya wamisionari wa Kiingereza ilikuwa ndogo kuliko ramani zao zilivyoonyesha.

Watoto hawakuhitaji sarufi ya Cambridge. William Leonard, aliyezaliwa Paihia mwaka 1829, alikuwa na lugha mbili tangu mapajani. Wazazi wa misheni hawakufurahia sana jambo hilo: waliogopa kwamba pamoja na maneno watoto wangeokota na mambo ambayo mzazi wa Kiingereza hakupenda yajulikane na mtoto. Walijitahidi kuwatenga, na kutenga huko hakukufaulu. Kutofaulu huko ndiko kulikoipatia Kimaori mtunzi wake wa pili wa kamusi. Hapa mchango wa Jane, ijapokuwa haukuandikwa popote kama mchango, waonekana wazi: mwalimu wa kwanza wa Leonard kwa Kiingereza alikuwa mama yake, na nyumba aliyojifunzia Kimaori ilikuwa ya mama yake. Hata hivyo haki haitendeki ikiwa atatajwa Jane pekee. Vijakazi na wanafunzi wa Kimaori waliowafundisha watoto hao kusema, na wazee waliomweleza William maana za maneno, ndio wenye kamusi kwanza. Majina yao hayakuwekwa jaladani mwa toleo lolote kati ya hayo matatu.

Mwezi wa Januari 1840 William na Jane walihamia Turanga, mahali ambapo sasa pana mji wa Gisborne. Nahodha Cook alikuwa ameipa ghuba hiyo jina la Ghuba ya Ufukara mwaka 1769, kwa kuwa hakupata chakula hapo, na jina hilo likang'ang'ania ingawa ardhi yake ni ya rutuba sana. Kuhama kwao kulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyatazamia. Muda mfupi baadaye Kapteni William Hobson aliwasili Ghuba ya Visiwa akiwa na amri ya kufanya mapatano na machifu, na usiku wa tarehe 4 Februari rasimu ya Kiingereza ilipelekwa kwa Henry Williams aifasiri kwa Kimaori. Mwanalugha wa ukoo alikuwa mbali, pwani ya mashariki. Henry aliketi na mwanawe Edward, kijana wa miaka 21 aliyeletwa New Zealand akiwa na umri wa miaka minne na kukulia katika lugha hiyo. Asubuhi tafsiri ilikuwa tayari. Tarehe 6 Februari machifu walianza kutia saini huko Waitangi, na hatimaye mamia walisaini, takriban wote katika nakala za Kimaori. William mwenyewe alichukua nakala na kuzunguka nayo pwani ya mashariki, ambako machifu wapatao 40 walitia alama zao.

Maneno mawili ya tafsiri hiyo yamewashughulisha wanasheria na wanaisimu hata leo. Kwa Kiingereza, machifu walimpa Malkia enzi yote juu ya nchi. Kwa Kimaori walimpa *kawanatanga*, na wakahakikishiwa *tino rangatiratanga* ya ardhi zao, vijiji vyao na vitu vyao vyote vya thamani. *Rangatira* ni chifu, na neno la pili lamaanisha uchifu ulio kamili. *Kawanatanga* ni neno la kuundwa: *kawana* limetoholewa kutoka neno lile lile lililoipa Kiswahili "gavana", kisha likaongezewa kiambishi tamati cha kuunda nomino dhahania. Machifu walilijua hasa kutoka Agano Jipya la mwaka 1837, ambamo *kawana* ni cheo cha Pontio Pilato. Katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano Pilato huyo huyo ni "liwali". Msomaji wa Pwani aona mara moja uzito wa jambo hilo. Liwali alitawala kwa niaba ya mwingine, alikata kesi na kukusanya ushuru, na kuwapo kwake mjini hakukumfanya mwenyeji aache kuwa mwenye mji. Kumwomba mtu ampe mgeni "uliwali" ni jambo moja. Kumwomba ampe enzi ni jambo jingine kabisa. Kenya nayo ilikuwa na hati ya namna hiyo, mapatano ya mwaka 1895 juu ya ukanda wa maili 10, ambayo kwayo Sultani wa Zanzibar alibaki na enzi na Waingereza wakashika usimamizi, hata mwaka 1963.

Je, Henry Williams alidanganya? Wako waliosema hivyo. Lakini neno lililokuwa karibu zaidi na enzi lilikuwapo, nalo ukoo huo ulilijua: tangazo la uhuru la machifu wa kaskazini la mwaka 1835, ambalo Henry alishiriki katika kulitafsiri, lilitumia *mana* na *kingitanga* kwa dhana hiyo hiyo. Kwamba maneno hayo hayakutumiwa mwaka 1840 halielezeki kwa upungufu wa lugha. Wala hapana haja ya kumfanya Henry mlaghai ili lieleweke. Aliamini kwamba bila serikali ya Kiingereza Wamaori wangemalizwa na walowezi na wauza pombe, naye akachagua neno ambalo machifu wangeweza kulikubali. Mfasiri anayechagua neno kwa sababu litakubaliwa amekwisha kuacha kazi ya ufasiri na kuingia katika kazi ya siasa, hata kama nia yake ni njema. Mwaka 2014 Baraza la Waitangi, lililoundwa mwaka 1975 kusikiliza madai ya Wamaori, liliamua kwamba machifu waliotia saini mwezi wa Februari 1840 hawakuitoa enzi yao.

Ardhi ndiyo iliyofuata, na hapa sifa ya ukoo yachafuka kidogo. Henry alikuwa amenunua kutoka kwa Wangapuhi kama eka 11,000 huko Pakaraka, kwa ajili ya watoto wake 11. Hoja yake ilikuwa ya mzazi: chama hakikuwa na kazi ya kuwapa watoto wote hao, Uingereza hawakuijua, na hapakuwa na riziki nyingine ila shamba. Gavana George Grey aliandika London kwamba madai ya ardhi ya wamisionari yangegharimu damu na fedha ya serikali. Ndiye Grey yule aliyekuja kuwa gavana wa Rasi ya Tumaini Jema na ambaye maktaba yake, yenye maandishi ya Kimaori na ya lugha za Afrika pamoja, ilitunzwa Cape Town na Wilhelm Bleek. Henry alikataa kurudisha hati zake mpaka shutuma hiyo ithibitishwe au ifutwe, na mwaka 1849 CMS ikamfukuza. William na Jane walisafiri hadi Uingereza mwaka 1851 kumtetea. Henry alirudishwa katika chama mwaka 1854. Toleo la pili la kamusi lilichapwa London mwaka 1852, wakati wenyewe wako huko kwa ajili ya kesi ya shamba, na mwanahistoria wa lugha hana budi kuyaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja, kwa kuwa yalikuwa katika sanduku moja la safari.

Ndoa nazo zilifuata mkondo huo. Mary, binti wa kwanza wa Jane, aliolewa na Samuel, mwana wa Henry. Jane Elizabeth, wa pili, aliolewa na Henry mdogo wa Pakaraka, nduguye Samuel. Wote wawili waliolewa na wana wa ami zao, jambo ambalo katika miji ya Pwani ya Afrika Mashariki lisingemshangaza mtu yeyote. Sababu nazo zilikaribiana: mali isitoke, na kijana asiyekuwa na wenziwe wa daraja lake ila jamaa zake aoe miongoni mwao. James Nelson, mwana mwingine wa Jane, akawa mfuga kondoo mkubwa katika Hawke's Bay, na uzao wake ni wa historia ya kilimo zaidi kuliko ya lugha.

Turanga, Jane na mumewe waliishi kwanza karibu na mto, mafuriko yakawahamisha, kisha Whakato, na hatimaye Waerenga-a-Hika, ambako palikuwa na shule na shamba. William alifanywa askofu wa kwanza wa Waiapu mwaka 1859. Sinodi ya kwanza ya jimbo lake, iliyokutana hapo mwaka 1861, iliendeshwa kwa Kimaori, kwa kuwa waliohudhuria walikuwa Wamaori kwa wingi. Kwa kanisa la Kiingereza katika nchi ya ng'ambo wakati huo ilikuwa hali adimu sana. Herbert, mjukuu, alizaliwa Waerenga-a-Hika mwaka 1860, ndani ya ua huo, naye Leonard baba yake alikuwa akitayarisha kitabu cha masomo ya kwanza ya Kimaori, kilichotoka mwaka 1862 na kutumiwa kwa vizazi kadhaa.

Mambo yalivunjika mwaka 1865. Vita vya ardhi vilikuwa vimeenea, na dini mpya ya Pai Marire, iliyochanganya Maandiko na matumaini ya kuirudisha nchi kwa wenyewe, ilifika pwani ya mashariki. Mwezi wa Machi mmisionari Carl Völkner aliuawa Opotiki. Wiki chache baadaye William na Jane, aliyekuwa na umri wa miaka 64, waliondoka na binti zao kurudi Ghuba ya Visiwa. Leonard alibaki. Mwezi wa Novemba majeshi ya serikali na Wamaori waliokuwa upande wake walizingira ngome ya wafuasi wa Pai Marire iliyokuwa karibu na misheni, na misheni yenyewe ikaharibiwa katika mapigano. Wafungwa wengi walipelekwa Visiwa vya Chatham. Miongoni mwao, bila ya kuhukumiwa, alikuwamo kijana aliyekuwa amesoma katika shule ya akina Williams huko Whakato. Jina lake lilikuwa Te Kooti. Katika kisiwa cha kifungo alianzisha dini iliyokuja kuitwa Ringatu, iliyojengwa juu ya Biblia ya Kimaori, hasa Zaburi na habari za wana wa Israeli utumwani. Mwaka 1868 alitoroka na wafuasi wake kwa merikebu waliyoiteka, na mwezi wa Novemba akashambulia Matawhero, ambako watu wapatao 60, Wazungu na Wamaori, waliuawa. Hakuna tukio linaloonyesha wazi zaidi kwamba aliyetafsiri kitabu hana mamlaka juu ya kitakavyosomwa. Ringatu lingali kanisa hai katika pwani hiyo.

William na Jane hawakurudi Turanga. Mwaka 1867 walikwenda kukaa Napier, na huko mwaka 1875 ikafunguliwa Hukarere, shule ya bweni ya wasichana wa Kimaori. William alifariki mwaka 1878. Jane aliishi miaka 18 ya ujane karibu na shule hiyo, na binti zake watatu ambao hawakuolewa, Anna Maria, Kate na Marianne, waliibeba kazi, Anna Maria akiwa msimamizi kwa miaka mingi. Upande wa pili, Samuel, mume wa Mary, alikuwa ameanzisha mwaka 1854 shule ya wavulana ya Te Aute. Humo walisoma Apirana Ngata, Maui Pomare na Te Rangi Hiroa, yaani Peter Buck, watu walioongoza siasa na taaluma za Wamaori katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ardhi ya Te Aute nayo ilizua malalamiko, hata ikaundwa tume ya serikali kuichunguza mwaka 1906.

Hapa pana mgongano ambao wasifu wa ukoo huu kwa kawaida hauugusi. Sheria ya Shule za Wenyeji ya mwaka 1867 ilitaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Katika miongo iliyofuata watoto wengi wa Kimaori waliadhibiwa kwa kusema lugha yao shuleni. Te Aute na Hukarere zilikuwa shule za kanisa, na wenyewe walikijua na kukipenda Kimaori. Hata hivyo elimu waliyoitoa ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu wazazi walitaka watoto wapate nguvu ya Mzungu na serikali haikutambua elimu nyingine. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo Leonard alikuwa akiongeza maneno katika kamusi, toleo la nne likatoka mwaka 1892, wajukuu wa watu waliompa maneno hayo walikuwa wakifunzwa kuyaacha. Msomi wa Kiafrika aliyevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama haoni ajabu. Kinachostahili kutiliwa mkazo ni kwamba kazi zote mbili zilifanywa na ukoo mmoja, pengine katika wiki moja, na hapana ushahidi kwamba waliona kinyume chochote kati yake. Lugha ilikuwa imeanza kuwa kitu cha kuhifadhiwa, na kitu cha kuhifadhiwa si lazima kisemwe.

Majina ya kamusi yathibitisha hayo. Toleo la mwaka 1844 liliitwa kamusi ya lugha ya New Zealand, na jina hilo likadumu hadi la mwaka 1892. Lile la Herbert la mwaka 1917 liliitwa kamusi ya lugha ya Kimaori. Badiliko ni la neno moja tu jaladani. Katika siku za Jane kijana lugha ya nchi ilikuwa moja, na mgeni ndiye aliyepaswa kuijifunza. Mjukuu alipochukua kalamu, lugha ya nchi ilikuwa Kiingereza, na ile ya zamani imekuwa ya kabila. Herbert hakuwa na hila katika hilo, alieleza hali aliyoiona. Alikuwa mwanachuoni kuliko baba na babu, akatoa pia mwaka 1924 orodha ya maandishi yote yaliyochapwa kwa Kimaori, na akafanya kazi kwa ushirikiano na Ngata, mwanafunzi wa Te Aute, ambaye Kimaori chake kilikuwa cha mwenyewe. Herbert alifariki mwaka 1937 akiwa askofu wa Waiapu. Baada yake kamusi ilipita mikononi mwa kamati, kama ile ya Kiswahili, toleo la sita likatoka mwaka 1957 na la saba mwaka 1971.

Toleo hilo la saba lilikuta lugha iko hatarini. Kizazi kilichozaliwa mijini baada ya Vita vya Pili hakikuisema. Mwaka 1982 zilianza shule za watoto wachanga ambamo bibi na babu waliwalea wajukuu kwa Kimaori pekee, na mwaka 1987 Kimaori kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Kwa walimu wa shule hizo, na kwa mawakili walioleta madai mbele ya Baraza la Waitangi, kamusi ya akina Williams ilikuwa mezani kila siku. Wenye kudai na wenye kudaiwa waliitafutia humo maana ya maneno ambayo mmoja wa ukoo huo huo aliyachagua usiku mmoja wa mwaka 1840.

Jane alizikwa Napier. Mwaka 1974, miaka mitatu baada ya toleo la saba, Frances Porter alitoa kitabu kikubwa cha barua na shajara za Turanga za miaka 1840 hadi 1850. Humo barua za Jane kwa jamaa zake wa Uingereza zimewekwa kwa tarehe baina ya maandishi ya William, na jina lake limechapwa katika kichwa cha kitabu, baada ya la mumewe.